Ligi moja, king'amuzi kimoja

*Mkataba wa Sh225.6 bilioni umeipa Ligi Kuu fedha ambazo haikuwahi kuziota. Kwa mashabiki wa Sumbawanga na vijiji vya Ufipa, umeifungia pia ndani ya kadi moja.*

Ligi Kuu ya Tanzania Bara huonyeshwa mubashara na kampuni moja tu, Azam Media. Asiye na king'amuzi cha Azam kilicholipiwa, au simu yenye bando la kutosha kufungua programu ya AzamTV Max, haioni mechi ya Simba, haioni ya Yanga, wala haioni ya timu iliyo jirani na mkoa wake.

Mjini Sumbawanga jambo hili linaonekana kwa macho. Chini ya runinga ya kibanda umiza, ukumbi mdogo wa kutazama mpira kwa kiingilio, hukaa ving'amuzi viwili, kimoja juu ya kingine. Cha Azam ni cha ligi ya nyumbani. Cha DStv ni cha Ligi Kuu ya England. Waya mbili za dishi hupenya juu ya dirisha, kila moja ikielekea sahani yake juu ya bati, na rimoti mbili hukaa mkononi mwa mtu mmoja ili zisichanganywe. Nje kuna ubao ulioandikwa kwa chaki: timu, saa na kiingilio.

Mwenye kibanda hulipia vifurushi viwili, umeme, na mafuta ya jenereta siku umeme unapokatika. Gharama hizo zote hulipwa hatimaye na aliyeketi kwenye benchi.

Hali hiyo ilitokana na uamuzi wa makusudi. Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na Bodi ya Ligi walichagua kuuza mali yao kwa mnunuzi mmoja, na mnunuzi akakubali kulipa fedha nyingi kwa sharti kwamba hakuna mwingine atakayeipata. Kila upande uliingia na hatari yake. Mashabiki, ambao hawakuwa mezani, wana hatari yao pia.

Kutoka bilioni tano hadi mia mbili

Azam TV ilianza kurusha matangazo Desemba 2013, ikiwa mali ya kundi la makampuni ya Bakhresa. Ilizaliwa wakati mzuri kwa biashara yake. Mitambo ya analojia ilikuwa imeanza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, na zoezi hilo likaendelea mkoa kwa mkoa. Kaya zilizozoea kuvuta picha kwa antena ya kawaida zililazimika kununua king'amuzi. Swali likabaki moja: kipi?

Jibu la Azam lilikuwa mpira wa nyumbani. Mwaka huohuo wa 2013 kampuni hiyo ilinunua haki za Ligi Kuu kwa miaka mitatu kwa takriban Sh5.5 bilioni. Mwaka 2016 mkataba ulirefushwa kwa miaka mitano kwa takriban Sh23 bilioni. Mei 2021 ukasainiwa mkataba wa tatu, wa miaka kumi, wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Wakati huo Rais wa TFF alikuwa Wallace Karia na Azam Media ikiongozwa na Tido Mhando.

Hesabu rahisi inaonyesha ukubwa wa hatua hiyo. Mkataba wa 2016 ulikuwa na wastani wa Sh4.6 bilioni kwa mwaka. Wa 2021 una wastani wa Sh22.56 bilioni, karibu mara tano. Kwa ligi ya timu 16, ambayo ina mechi 240 kwa msimu, ni kama Sh94 milioni kwa kila mechi inayochezwa, iwe ya watani wa jadi Kariakoo au ya timu mbili zinazopigania kutoshuka daraja.

> Kwa ligi ya timu 16, mkataba wa 2021 ni sawa na wastani wa Sh94 milioni kwa kila mechi.

Safari hiyo haikukosa upinzani. Mwaka 2013 Yanga, chini ya mwenyekiti wake Yusuf Manji, iliupinga mkataba wa kwanza waziwazi. Klabu hiyo yenye mashabiki nchi nzima haikuona haki kupata mgao sawa na timu isiyojaza hata jukwaa moja. Hoja nyingine ilikuwa nzito zaidi: Bakhresa ndiye pia mwenye Azam FC, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2008 na kutwaa ubingwa msimu wa 2013/14. Mwenye kamera alikuwa pia mwenye timu uwanjani.

Thamani ya kuwa peke yako

Kampuni ya televisheni hailipi mabilioni ili kuonyesha mpira. Hulipa ili mpira usionekane kwingine. Ligi ikiwa kwenye ving'amuzi vyote, hakuna anayebadilisha king'amuzi kwa ajili yake, na bei yake hushuka. Ikiwa kwenye kimoja tu, shabiki wa Simba aliyeko Namanyere, mkoani Rukwa, ananunua dishi, kadi na kifurushi, na akishavinunua ataangalia humohumo tamthilia, habari na matangazo ya biashara.

Kwa mwenye ligi, mnunuzi wa peke yake ana faida nyingine. Huahidi malipo kabla ya msimu, hupeleka kamera hata kwenye mechi zisizo na watazamaji wengi, na hana sababu ya kumwachia mshindani kazi ya kuitangaza ligi. Klabu ndogo, ambayo mapato yake ya mlangoni hayatoshi nauli ya basi kwenda mkoa wa jirani, hupata fedha inayojulikana kabla ya msimu kuanza.

Matokeo yake katika soka la Tanzania yanaonekana. Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2019, 2021 na 2023. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 dhidi ya USM Alger, na Simba ikacheza fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025 dhidi ya RS Berkane. Tanzania imepata nafasi nne katika mashindano ya klabu ya Afrika. Haki za televisheni hazikuyaleta hayo peke yake, kwa kuwa wawekezaji na wadhamini wamechangia sana. Hata hivyo, ligi inayoonekana kila wiki ndiyo inayomvuta mdhamini aweke jina lake juu ya jezi.

Hatari ya kutegemea mmoja

Historia ya Afrika Mashariki ina onyo la karibu. Mwaka 2007 kampuni ya GTV iliingia sokoni ikiwa na haki za mechi nyingi za Ligi Kuu ya England kwa nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Maelfu ya watu walinunua madishi yake kwa sababu hiyo tu. Januari 2009 kampuni ikafilisika, matangazo yakakatika katikati ya msimu, na wateja wakabaki na vyombo visivyo na kazi juu ya mapaa yao.

Kenya ilipata somo la aina nyingine. SuperSport ilikuwa na haki za Ligi Kuu ya nchi hiyo kwa miaka mingi, na fedha zake zikawa uti wa mgongo wa klabu. Mwaka 2017, baada ya mgogoro kuhusu kuongeza timu kutoka 16 hadi 18, SuperSport ikavunja mkataba na kuondoka. Klabu zilizopanga mishahara kwa kutegemea fungu hilo zikaingia kwenye madeni. Haki za ligi hiyo zilizunguka kwa miaka kadhaa hadi mwaka 2023, zilipochukuliwa na Azam TV hiyohiyo.

Wenye biashara ya michezo ya video wameupitia mtihani huu pia, na kisa chao kinaeleweka kwa urahisi kwa sababu takwimu zake zimekamilika. Septemba 2001 kampuni ya Capcom ya Japani iliamua kuupeleka mfululizo wake mkubwa, Resident Evil, kwenye mashine moja tu, GameCube ya Nintendo. Mwaka uliofuata ikatangaza michezo mingine kwa ajili ya mashine hiyohiyo. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, kwa kuwa mashabiki wengi wa mfululizo huo walikuwa na mashine ya mshindani, PlayStation.

Soko halikuwafuata. GameCube iliuzwa takriban milioni 22 duniani kote, PlayStation 2 zaidi ya milioni 150. Mwishoni mwa mwaka 2004, hata kabla Resident Evil 4 haijaingia madukani, Capcom ikatangaza kwamba nayo itakwenda PlayStation 2. Ilitoka GameCube Januari 2005 na PlayStation 2 Oktoba mwaka huohuo. Wateja wa GameCube walioamini kwamba mchezo huo ni wao pekee walihisi wametupwa.

Visa hivi vitatu vina mzizi mmoja. Mwenye mali anayechagua chombo kimoja hufunga idadi ya watazamaji wake kwa idadi ya vyombo hivyo, na hufunga usalama wake kwa afya ya mwenye chombo. Chombo kikienea, wote wanapanda. Kikisimama, wote wanasimama.

> GTV ilipofilisika Januari 2009, wateja walibaki na vyombo visivyo na kazi juu ya mapaa yao.

Ufipa: kadi na msimu wa kilimo

Athari za mkataba wa namna hii hazigawanyiki sawa nchini. Mkoa wa Rukwa, ilipo Ufipa, una watu zaidi ya milioni 1.5, wengi wao wakulima. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga imepunguza adha ya safari, lakini haijaufanya uwanja wa Benjamin Mkapa kuwa jirani. Kwa mtu wa Laela, Matai au Kirando, runinga ndiyo uwanja.

Ukanda huu umekuwa pembeni hata kwa nishati. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umekuwa ukinunuliwa Zambia na kuletwa kwa njia ya Mbala, huku mkoa ukiwa nje ya Gridi ya Taifa. Mradi wa njia kubwa ya umeme ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ulibuniwa kumaliza hali hiyo. Umeme ukikatika dakika ya 70, kifurushi kilicholipiwa hakina msaada.

Lakini kikwazo kikubwa zaidi ni kalenda. Mkulima wa Ufipa hupanda mahindi na maharage mvua zinapoanza, Novemba na Desemba. Huvuna kati ya Mei na Julai. Fedha huingia baada ya hapo, mahindi yanapouzwa kwa wafanyabiashara au kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ambao una kanda yake Sumbawanga. Ligi Kuu nayo huanza karibu na Agosti na kwenda hadi Mei au Juni.

Kwa hiyo miezi ambayo ligi imepamba moto, kati ya Januari na Machi, ndiyo miezi ambayo fedha ya mkulima iko shambani kwenye mbegu, mbolea na vibarua. Kifurushi hulipiwa kila mwezi. Shamba hulipa mara moja kwa mwaka. Mtumishi mwenye mshahara hauoni ugumu huu. Mkulima wa Mtowisa au Muze, chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, anauona kila msimu.

Ndiyo maana kibanda umiza kimekuwa na nguvu. Kinageuza gharama ya mwezi kuwa kiingilio cha siku moja. Anayeshindwa kulipia kifurushi kizima huweza kulipia dakika 90. Lakini kibanda nacho kinasimama juu ya msingi dhaifu: kifurushi cha nyumbani hakikutengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya kulipisha, na mwenye kibanda anayefuata sheria anahitaji kibali na malipo ya ziada. Huduma inayowafikia watu wengi zaidi ndiyo iliyo katika hali tete zaidi.

Kwa asiyefika kibandani kuna redio. Haki za redio za ligi zilikwenda kwa shirika la utangazaji la umma, TBC, na sauti ya mtangazaji wa TBC Taifa hupanda hadi vijiji ambavyo hakuna dishi hata moja. Hiki ni kipengele muhimu kuliko kinavyopewa uzito. Mtu anayepalilia akiwa na redio ndogo ya betri pembeni ya tuta anaifuata ligi bila kulipa senti, na ushabiki wake ndio unaoifanya haki ya televisheni iwe na thamani mjini.

Siku Simba ilipofungwa Sumbawanga

Ufipa haikuwa mtazamaji wa mbali siku zote. Kuanzia msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons ya Mbeya ilihamishia kwa muda mechi zake za nyumbani katika Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Wakazi waliozoea kulipa kiingilio cha kibanda wakaanza kulipa kiingilio cha uwanja.

Oktoba 22, 2020 bingwa mtetezi Simba alifika hapo na kufungwa bao 1-0, mfungaji akiwa Samson Mbangula. Kwa mji ulioko kwenye uwanda wa juu wenye baridi, mbali na barabara kuu za soka la nchi, ilikuwa siku ya kujulikana. Yanga nayo ilipita katika uwanja huohuo.

Baadaye Prisons ilirejea Sokoine, Mbeya, na Sumbawanga ikarudi kwenye runinga. Kipindi hicho kifupi kilionyesha jambo ambalo wauzaji wa haki hawapaswi kulisahau. Watazamaji wa Rukwa hawakosi hamu ya mpira wala hawakosi nia ya kulipa pale wanapopata nafasi. Wanachokosa ni njia inayolingana na kipato chao.

Kulikuwa na upande mwingine wa shilingi. Klabu inayocheza nyumbani huku mechi ikiwa mubashara kwenye runinga hushindana na kibanda kilicho mtaa wa pili kutoka uwanjani. Mechi nyingi za mikoani huchezwa saa 10 jioni kwa sababu viwanja havina taa, saa ambayo mwenye duka sokoni bado hajafunga. Mapato ya mlangoni yanapungua, na mgao wa televisheni unapaswa kuziba pengo. Mgao ukichelewa, klabu ndogo ndiyo ya kwanza kuumia.

Hoja za pande mbili

Wanaoutetea mkataba wana hoja nzito. Kwanza, hakuna mnunuzi mwingine wa Tanzania aliyekuwa tayari kulipa kiasi hicho. Kugawa haki kwa vituo vingi vyenye uwezo mdogo kungeleta picha duni na malipo yasiyo ya uhakika. Pili, miaka kumi inampa mwekezaji muda wa kununua magari ya matangazo, kufundisha wapiga picha na kurudisha fedha yake. Tatu, ligi imepata mashabiki nje ya mipaka, na wachezaji wa kigeni wanaokuja Dar es Salaam wanajua kwamba wataonekana.

Hoja ya nne inaihusu Ufipa moja kwa moja. Dishi la setilaiti halibagui. Mawimbi yanayoshuka Kariakoo ndiyo yanayoshuka Kasanga. Kabla ya Azam, mtu wa kando ya Ziwa Tanganyika alitegemea mitambo ya ardhini ambayo mara nyingi ilifika mjini na kuishia hapo. Kwa maana hiyo, Azam imeileta ligi karibu na vijiji kuliko mtangulizi wake yeyote.

Wanaoukosoa nao hawasemi ovyo. Mkataba wa miaka kumi hufunga bei katika soko linalobadilika haraka. Intaneti ya simu inaenea, na thamani ya haki za mtandaoni mwaka 2030 inaweza kuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa mwaka 2021. Mnunuzi wa peke yake hana wa kumtisha: akipandisha bei ya kifurushi, shabiki hana pa kwenda. Na suala la mwaka 2013 bado lipo. Kampuni inayolipa ligi ina udugu na klabu inayoshindana ndani ya ligi hiyo, jambo linalohitaji usimamizi ulio wazi hata pale ambapo hakuna kosa lililotendeka.

Kisa cha mwaka 2018 kinaonyesha jinsi shabiki anavyoweza kubebeshwa mzigo wa mikataba na leseni asizozijua. Agosti mwaka huo, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizuia ving'amuzi vya kulipia, vya Azam vikiwemo, kurusha chaneli za kitaifa zisizolipiwa kama ITV, Star TV, Channel Ten, EATV na Clouds, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu. Usiku mmoja king'amuzi cha mpira kikawa hakina taarifa ya habari ya vituo hivyo. Kaya zilizotaka vyote zililazimika kuwa na ving'amuzi viwili. Baadaye kanuni zilirekebishwa na chaneli hizo zikaruhusiwa kurudi, lakini gharama ya king'amuzi cha pili ilikuwa imeshatoka mfukoni mwa wananchi.

> Mnunuzi wa peke yake akipandisha bei ya kifurushi, shabiki hana pa kwenda.

Wengine walivyolishughulikia

Tatizo hili si la Tanzania peke yake, na nchi zilizotangulia zimejaribu njia mbalimbali.

England iliuza Ligi Kuu yake mpya mwaka 1992 kwa miaka mitano, BSkyB ikichukua mechi za mubashara na BBC vipindi vya marudio, kwa thamani iliyotajwa kuwa pauni milioni 304. Fedha hizo zilibadilisha soka la nchi hiyo. Lakini Tume ya Ulaya ilibana: kuanzia msimu wa 2007/08 mechi ziligawanywa katika mafungu sita na mnunuzi mmoja hakuruhusiwa kuyachukua yote. Setanta ikanunua mawili. Ushindani ulipandisha mapato ya klabu, lakini mashabiki wakajikuta wakilipia kampuni mbili, na Setanta yenyewe ikaanguka mwaka 2009. Kugawa haki kwa wengi hakumsaidii shabiki iwapo kila fungu linahitaji king'amuzi chake.

Njia ya pili ni orodha ya matukio ya kitaifa. Sheria ya utangazaji ya Uingereza ya mwaka 1996 inalinda matukio kama fainali ya Kombe la FA yapatikane kwenye vituo visivyolipiwa. Mwenye haki anafanya biashara yake, lakini siku chache za mwaka zinabaki kuwa za wote.

Njia ya tatu ni ya India. Sheria yake ya mwaka 2007 inamtaka mwenye haki za mechi zenye umuhimu kwa taifa ampe mtangazaji wa umma mawimbi yake bila chapa za biashara, kisha wagawane mapato ya matangazo. Mkulima wa kijijini anaiona kriketi ya timu yake ya taifa bila kulipia kifurushi, na kampuni iliyonunua haki haifilisiki.

Kabla ya mwaka 2031

Mkataba wa sasa ulihesabiwa kuanzia msimu wa 2021/22, hivyo utafika mwisho msimu wa 2030/31. Muda uliobaki unatosha kuandaa mkataba unaofuata kwa utulivu, na sehemu ya kazi inaweza kuanza ndani ya huu uliopo kwa makubaliano ya pande zote.

Suala la kwanza ni muda. Miaka kumi ilikuwa na sababu pale ambapo mwekezaji alikuwa akijenga kutoka chini. Mitambo sasa ipo na hadhira ipo. Mkataba wa miaka mitano, wenye nafasi ya kupitia bei katikati, utamlinda mwekezaji bila kuifunga ligi kwa kizazi kizima cha wachezaji.

Suala la pili ni kutenganisha haki. Televisheni ya kulipia, intaneti, redio na vipande vya marudio ni bidhaa tofauti. Zikiuzwa kwa zabuni za wazi, kila moja kwa bei yake, ligi haitasimama iwapo mnunuzi mmoja ataanguka kama GTV au kuondoka kama SuperSport ilivyoondoka Kenya.

Suala la tatu ni mechi za wote. Mchezo wa Simba na Yanga, pamoja na mechi ya kukabidhi kombe, zinaweza kuwekwa kwenye orodha ya matukio yanayoonyeshwa bila malipo, TBC ikipokea mawimbi na mapato ya matangazo yakigawanywa. Ni mechi chache kati ya 240. Hazitaua biashara ya vifurushi, na pengine zitaikuza kwa kuwaonjesha wasiokuwa na king'amuzi.

Suala la nne ni vifurushi vinavyolingana na kipato cha msimu. Kampuni za simu zimeshaonyesha kwamba bando la siku na la wiki linauzika. Mkulima anayepata fedha Julai angeweza kulipia msimu mzima kwa bei ya punguzo, na asiyekuwa nayo Februari angeweza kulipia mechi moja. Kibanda umiza nacho kinastahili leseni yake nafuu na ya wazi, ili mwenye kibanda Laela alipe kihalali na ligi ijue ina watazamaji wangapi huko.

Suala la tano ni uangalizi. Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina wajibu wa kuzuia matumizi mabaya ya nguvu ya soko, na TCRA inasimamia leseni. Mkataba wenye thamani ya mabilioni unaohusu mchezo unaopendwa na mamilioni unapaswa kusomwa na vyombo hivyo kabla ya kusainiwa, hasa pale mlipaji anapokuwa na udugu na mmoja wa washindani.

Fedha za Azam zimeinua Ligi Kuu, na kuzibeza ni kukosa shukrani kwa kazi iliyofanyika. Zinazozihitaji zaidi ni klabu ndogo, na zinapaswa kuendelea kuzipata. Lakini mnunuzi hulipia hadhira, na hadhira hiyo ni pamoja na mkulima wa Ufipa aliyeipenda Simba au Yanga kwa kusikiliza redio kabla kijiji chake hakijaona dishi. Mkataba ujao ukimhesabu mtu huyo tangu mwanzo, ligi itaendelea kulipwa vizuri na itabaki kuwa ya nchi nzima.